Uzi wa Mdhamini

Mizani ilimkataa Gwamaka kabla hata hajaketi vizuri kitini.

Asajile Mwakibete alikuwa amemleta binamu yake huyo kwa makusudi. Gwamaka alikuwa mtu wa kukubali chochote ilimradi anunuliwe soda na nyama choma, na Asajile hakuwa na habari naye. Hakumchukia. Lakini kama Gwamaka angefungiwa wilayani kwao Rungwe miaka kumi mfululizo, Asajile angelala usingizi wake bila kugeuka ubavu. Ndivyo alivyoshauriwa na waliotangulia: ukienda kuomba viza ya utalii ya Shirikisho la Kaskazini, peleka mtu ambaye hata akipatwa na jambo wewe huna jakamoyo.

Walimvika Asajile kofia nyepesi ya nyaya, wakamwonyesha picha za Gwamaka, wakamsikilizisha sauti ya Gwamaka akiita jina lake kama mtu anayezama. Mashine ilikuwa inasoma jinsi damu inavyokimbia kichwani na moyo unavyoitika. Mshale kwenye skrini ulitikisika kidogo, ukarudi kulala.

"Huyu si mdhamini," alisema Bi. Eliwaza, ofisa wa dirisha la viza pale Mbeya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na maneno hayo alikwisha kuyasema mara nyingi mno kiasi kwamba yalimtoka kama salamu.

"Ni binamu yangu wa damu, mama."

"Sijasema si ndugu yako. Nimesema si mdhamini." Alizivuta karatasi za Asajile karibu. "Vingine vyote unavyo. Pasipoti ina muda wa kutosha, tiketi ya kwenda na kurudi ipo, hoteli umelipia, bima ya safari unayo, benki inaonyesha unaweza kujitunza. Umebakiza hili moja. Niletee mtu ambaye akiumia, na wewe utaumia."

Gwamaka alicheka, akasema yeye hana kinyongo. Asajile hakucheka. Mtu wa namna hiyo alikuwa naye mmoja tu duniani.

Tumpe alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa miaka minane. Mama yao alipofariki Asajile akiwa bado anavaa kaptula za shule, Tumpe aliacha masomo, akabeba ndizi kichwani hadi gulio la Tukuyu, akamsomesha mdogo wake mpaka akatoka chuo cha ufundi akiwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo. Hata alipoolewa na Lugano, mwalimu wa shule ya msingi, alimwambia mumewe mapema: "Ukinichukua mimi, umechukua na huyu."

Alipoombwa kuwa mdhamini hakuuliza maswali. Aliweka chini bakuli la maharage aliyokuwa akichambua, akanawa mikono, akasema, "Twende lini?"

Safari hii mshale ulipanda mpaka ukagonga mwisho wa kipimo, ukabaki hapo ukitetemeka. Sauti ya Tumpe ilikuwa imeita jina lake mara moja tu. Asajile alivua kofia haraka, akaona haya, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Sasa huyu ndiye," alisema Bi. Eliwaza, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Tumpe, akamweleza masharti taratibu, bila kuruka hata moja, kwa maana sheria ilimtaka ahakikishe mdhamini ameelewa.

Wote wawili watawekwa uzi chini ya ngozi ya mkono, mwembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo mbili ni pacha. Kinachoupata mmoja hujulikana na wa pili, popote ulipo. Maadamu msafiri yuko ugenini, mdhamini hatavuka mpaka wa wilaya yake. Akivuka, viza inakufa hapo hapo, na msafiri anakamatwa huko aliko kama mtoro, anakaa kizuizini mpaka kesi isikilizwe. Msafiri asiporudi viza inapokwisha, mdhamini atabaki ndani ya wilaya yake miaka kumi. Katika hali zote mbili, hakuna basi, gari wala ndege itakayomvusha mpaka.

"Na nikipatwa na dharura?" aliuliza Tumpe.

"Unaweza kuomba ruhusa. Maombi yanakwenda kusomwa huko kwao, yanachukua siku kadhaa. Ama msafiri mwenyewe anaweza kukufungua wakati wowote. Anakwenda kituo chochote cha uzi, anaweka mkono, anasema amekufungua. Papo hapo wewe uko huru, naye safari yake imekwisha. Anapanda ndege ya kwanza, na hataomba viza tena kwa miaka mitano."

"Basi hakuna shida. Mdogo wangu akiniona nina shida atanifungua."

Asajile aliinamia kamba za viatu vyake.

"Swali la mwisho," alisema Bi. Eliwaza. "Una ujauzito?"

"Hapana," alijibu Tumpe haraka.

Sindano ilipoingia alikunja uso, akasema, "Kumbe kusafiri ni kama kuchanja ng'ombe." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Asajile naye alijilazimisha kucheka, na moyoni alijua jambo ambalo mashine haikuulizwa. Mashine ilipima kama anampenda dada yake. Haikupima kama ana nia ya kurudi. Waliobuni mizani ile waliamini kwamba hayo mawili ni kitu kimoja.

Alikuwa ameshaamua, tangu kabla ya Gwamaka. Hakuwa na nia ya kurudi.

*

Halvik ulikuwa mji wa mawe meusi na mvuke. Ardhi yake ilikuwa na moto chini na barafu juu, na wenyeji walikuwa wameunganisha hivyo viwili wakapata joto la kupasha kila nyumba bila kuchoma ukuni hata mmoja.

Langoni alipokelewa na sauti iliyozungumza Kiswahili safi kuliko chake. Ilimuuliza amekuja kufanya nini.

"Kutembea."

"Utalala wapi?"

Akataja hoteli.

"Utarudi lini?"

Akataja tarehe iliyo kwenye tiketi. Uzi mkononi ukapata joto kidogo, lango likafunguka.

Viza ya utalii ilimtaka awe mtalii kweli. Kila juma alilazimika kupitisha mkono kwenye vituo vya vivutio: jumba la makumbusho, mapango ya barafu, bustani ya miti iliyokuzwa ndani ya kioo. Asiyetembelea alihesabiwa kuwa amekuja kwa jambo lingine. Kwa hiyo Asajile alitembea. Alisimama mbele ya ukuta wa barafu ya samawati, mrefu kuliko msikiti wowote au kanisa lolote alilowahi kuona, akapiga picha, akamtumia Tumpe.

Tumpe alijibu kwa sauti, maana kuandika kulimchosha. "Nimewaonyesha akina mama wote wa kanisani. Mama Sekela anasema hiyo ni chumvi. Nimemwambia mdogo wangu hawezi kwenda kote huko kupiga picha chumvi." Kicheko chake kilijaa chumba kizima cha hoteli. Asajile aliisikiliza sauti ile mara moja, kisha akaweka simu chini ya mto.

Alimpata Subilaga katika juma la pili. Alikuwa mama wa Kyela aliyefungua mgahawa nyuma ya bandari ya samaki, akapika wali, maharage na samaki wa kukaanga aliyefanana kidogo na mbasa wa ziwani kwao. Alikuwa ameingia kwa viza ile ile ya utalii, na hakurudi.

"Kiwanda cha kukausha samaki kinatafuta mtu mwenye mkono wako," alimwambia baada ya kusikia kazi yake. "Mitambo ni ile ile. Tofauti ni kwamba huku unakausha kwa mvuke wa ardhini, na samaki ananuka. Ukishakuwa ndani ya kazi hawaulizi ulikujaje. Kinachokusaliti ni uzi tu, na uzi unakatwa."

"Nani anaukata?"

"Yupo. Atakuja viza yako ikikaribia kwisha. Usiharakishe, ukikatwa mapema wanagundua."

Asajile alizungusha kijiko katika sahani. "Na wewe, mdhamini wako alikuwa nani?"

"Kaka yangu. Alikuwa dereva wa malori, Tunduma mpaka Lubumbashi." Subilaga alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Sasa anauza mchele pale pale Kyela. Namtumia fedha kila mwezi. Mwanzo alikuwa hazipokei."

"Na sasa?"

"Anapokea. Hatuzungumzi, lakini anapokea." Alimtazama Asajile usoni. "Utazoea. Watu wanadhani mtu hawezi kuzoea."

Usiku ule Asajile alipiga hesabu ya namna ambayo wenye hatia hupiga. Tumpe hakuwa dereva wa malori. Maisha yake yote yalikuwa ndani ya Rungwe: shamba, soko, kanisa, mume. Alikwenda Mbeya kwa nadra, na kila akienda alirudi analalamikia vumbi. Miaka kumi ndani ya wilaya yenye mvua na ndizi, huku mdogo wake akituma fedha ya kumwezekea bati jipya na kununua ng'ombe wa maziwa, ni adhabu gani hiyo? Alilirudia neno hilo mpaka likawa kama kweli.

*

Lugano alipiga simu Jumatatu asubuhi, zikiwa zimebaki siku chache viza yake ya miezi mitatu iishe. Halikuwa jambo la kawaida. Shemeji yake huyo alikuwa mtu wa maneno machache, na salamu zake zote zilipitia kwa Tumpe.

"Shemeji, dada yako hajui kama nakupigia. Naomba asijue." Sauti yake ilikuwa chini. "Ni mjamzito. Miezi sita imepita."

Asajile aliketi kitandani.

"Mimba ilikuwa changa siku ile ya viza. Hakusema kwa sababu tatu za kwanza ziliharibika, akaogopa kutaja. Sasa amevimba miguu na uso, kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Daktari wa hapa amesema presha imepanda vibaya, apelekwe rufaa Mbeya leo hii. Amekataa."

"Amekataa kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Anasema akivuka utafungwa. Anasema zimebaki siku chache urudi, atavumilia. Tumeomba ruhusa ya dharura, haijajibiwa. Nimekuja kwako kwa sababu wewe unaweza kumfungua."

"Nimekusikia, shemeji."

"Utafanya?"

"Ngoja kwanza nizungumze naye."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na alilijua wakati analitamka. Alimpigia Tumpe na kujifanya amepiga tu kumsalimu. Aliuliza habari za mvua, habari za mgomba uliokuwa umeanguka, kisha akauliza kama jambo la nyongeza tu, "Na afya, dada?"

"Mzima kabisa. Miguu inavimba tu, ni huu udongo wa baridi." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa. "Wewe maliza matembezi yako vizuri. Ukija tutakuwa na la kukuambia, utafurahi."

Basi. Alisema ni mzima. Asajile aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili kwa sababu yalimfaa. Alijiambia kwamba Lugano ni mwoga, kwamba wanawake wengi huvimba miguu, kwamba ruhusa ya dharura huenda ikatoka jioni. Kituo cha uzi kilikuwa kwenye stesheni ya treni, karibu na hoteli yake. Angefika hapo akiwa bado na harufu ya sabuni ya kuogea.

Hakwenda. Siku ile Subilaga alimpeleka kuangalia chumba cha kupanga. Kilikuwa juu ya karakana, na dirisha lake lilitazama bandari. Mwenye nyumba alisema ukutani kuna bomba la joto, halizimi mwaka mzima. Asajile aligusa ukuta kwa kiganja, akauona ni wa moto, akafikiria shati lake limetundikwa pale linakauka. Kesho yake alikwenda kiwandani. Msimamizi alimwonyesha tanuri lililoharibika, akaligundua tatizo papo kwa hapo, akapewa mkono, kazi ikawa yake. Mkata uzi angekuja Alhamisi.

Jumanne yote simu yake ilikuwa mfukoni, nayo haikulia. Kila saa iliyopita kimya aliihesabu kuwa ushahidi kwamba alikuwa amefanya sawa.

Iliita Jumatano adhuhuri, akiwa mgahawani kwa Subilaga. Safari hii Lugano hakusalimu.

"Ameshikwa na degedege. Mara mbili. Hajitambui." Nyuma yake kulisikika mvua ikipiga bati la gari, na sauti ya mwanamke akiomba. "Nimempakia kwenye gari la kanisa, tuko huku juu, mbele ya kibao cha mpaka. Gari limesoma uzi wake, limezima lenyewe. Ninakuambia mara moja tu, shemeji. Fungua, ama nitambeba mgongoni nivuke naye kwa miguu, na wewe wakufunge."

Asajile aliacha koti lake kitini. Subilaga alimwita, hakugeuka. Alikimbia juu ya theluji iliyokanyagwa ikawa kama kioo, akaanguka, akainuka, akaingia stesheni damu ikimtoka kiwikoni. Alisukuma mkono ndani ya tundu la mashine.

"Habari za mchana," ilisema sauti ile ya Kiswahili safi. "Je, unataka kumfungua mdhamini wako? Ukifanya hivyo, haki yako ya kuwa hapa—"

"Nimemfungua."

"Tafadhali sikiliza masharti mpaka mwisho."

Na ikayasoma yote, kwa utulivu. Asajile alisimama pale, simu sikioni, akisikia mvua ya Rungwe na pumzi za Lugano. Mashine ilipomaliza akasema tena, "Nimemfungua," na uzi mkononi mwake ukapoa. Upande wa pili gari likaunguruma. Lugano alikata simu bila kusema asante.

*

Tumpe hakufa. Walimfanyia upasuaji jioni ile ile Mbeya, na baada ya siku mbili akafumbua macho, akamtambua mumewe. Mtoto alikuwa wa kiume. Daktari alimwambia Lugano kwamba alikuwa amekwisha kufariki tumboni, pengine tangu usiku wa kuamkia siku ile, na kwamba kizazi nacho kimeondolewa ili mama apone. Asajile alifika kaburi likiwa bado bichi. Lilikuwa dogo, kando ya migomba, nalo lilikuwa limefunikwa kwa majani ili mvua isilimomonyoe.

Aliporudi Tumpe kutoka hospitali, nyumba ilijaa watu. Walileta unga, maziwa ya mgando, kuku. Na kila aliyeingia, akishamaliza kumpa pole mgonjwa, alimgeukia Asajile na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Ndaga, asante, mwanangu. Umeacha Ulaya kwa ajili ya dada yako," alisema Mama Sekela. "Wengine wangekaa kimya huko huko."

"Ni kweli," alisema Tumpe kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, lakini ndani yake mlikuwa na majivuno. "Amepoteza viza yake. Miaka mitano haendi popote."

Asajile alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akaokota shoka, akapasua kuni. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

Alitafuta adhabu kwa kazi. Alichota maji, akapalilia, akaziba paa, akalala sakafuni chumba cha mbele ili asikie Tumpe akiita. Lugano hakumzuia wala hakumshukuru. Walipokutana mlangoni walipishana kama watu wawili waliobeba kioo. Mara moja tu, wakikata majani ya ng'ombe, Asajile alianza: "Shemeji, ile Jumatatu..."

"Mimi sijamwambia," alisema Lugano, akaendelea kukata. "Usidhani ni kwa ajili yako. Amepoteza mtoto. Sitaki apoteze na ndugu wiki hiyo hiyo."

Haukupita mwezi, Bi. Eliwaza akaja. Gari lake la Shirikisho liliegeshwa barabarani, naye akashuka na kijana wa kamera, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimpa Tumpe pole ndefu, ya kweli, na kwa muda machozi yalimlenga. Kisha akaeleza kilichomleta.

Watu wengi, alisema, wanaiogopa mizani. Wanasema inawafanya wadhamini kuwa mateka. Shirikisho lingependa kuwaonyesha waombaji habari ya msafiri aliyeacha yote mara moja kwa sababu mdhamini wake alikuwa na shida. "Ninyi ni ushahidi kwamba mizani haikosei. Ilisema huyu kijana atarudi, akarudi."

"Mwache aseme," alisema Tumpe kwa Asajile, akainuka kidogo kwenye mto. "Watu wajue wewe ni mtu wa namna gani."

Kamera iliwashwa. Lugano aliingia na birika la chai, akaanza kumimina.

"Kwa hiyo, kaka Asajile," alisema Bi. Eliwaza, "ulipopata habari kwamba dada yako anaumwa, ulifanya nini?"

Vikombe vilikuwa vinne. Asajile alivitazama, akamtazama Tumpe aliyekuwa akimsubiri kwa uso ule aliokuwa nao siku ya mahafali yake ya chuo.

"Nilikwenda kituoni mara moja," alisema. "Sikungoja hata koti."

Lugano aliacha kumimina katikati ya kikombe cha tatu. Akaweka birika chini, taratibu, kana kwamba lina mtoto ndani, akatoka nje. Mlango haukubamizwa. Walisikia nyayo zake zikishuka kuelekea migombani.

Bi. Eliwaza alitabasamu, akataka kuendelea na swali jingine. Lakini Tumpe alikuwa akiutazama mlango. Alikuwa ameishi na mtu yule miaka mingi, na alikijua kila kimya chake.

"Asajile," alisema, "shemeji yako alikupigia lini?"

"Dada, tuongee baadaye."

"Sijauliza la kuongea. Nimeuliza siku."

Angeweza kusema Jumatano. Kamera ingekubali, Bi. Eliwaza angekubali, na Lugano asingepinga. Tumpe mwenyewe, Asajile aliona wazi, alikuwa akiomba aambiwe Jumatano.

"Jumatatu," alisema. "Asubuhi."

Bi. Eliwaza alinyoosha mkono, akaizima kamera mwenyewe.

"Hilo tunaweza kulikata," alisema kwa upole. "Na msijilaumu. Kisheria msafiri hana muda maalum wa kufungua. Siku mbili si kosa. Kinachohesabiwa ni kwamba alifungua, na amerudi."

"Nani amekuuliza habari za sheria, mama?" alisema Tumpe.

Bi. Eliwaza aliona haya. Alikusanya vitu vyake, akaaga kwa sauti ya chini, kijana wa kamera akimfuata huku amebeba viatu mkononi. Gari lilichukua muda mrefu kugeuza kwenye tope. Tumpe alingoja mpaka mlio wake ulipopotea.

"Jumatatu ile ulinipigia," alisema. "Ukaniuliza habari za mgomba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Ukaniambia u mzima, na mimi nikataka uwe mzima."

"Nilisema hivyo usije ukakatisha safari yako. Nilidhani nakulinda." Alijifuta uso kwa pembe ya kanga. "Siku hizo mbili ulikuwa unafanya nini?"

Swali hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, kwa sababu halikuwa na jibu fupi la kujifichia.

"Nilikwenda kuangalia chumba cha kupanga," alisema Asajile. "Kesho yake nikaenda kuanza kazi. Sikuwa na nia ya kurudi, dada. Tangu mwanzo. Wewe ungebaki humu miaka kumi, mimi ningekuwa natuma fedha."

Alitegemea dada yake alie, au amtukane, au amrushie kikombe. Angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Tumpe aliweka kiganja juu ya tumbo, mahali pa kushonwa, pale ambapo bado kilizoea kukaa.

"Lugano alitaka kunivusha tangu Jumatatu," alisema. "Alilia. Sijawahi kumwona akilia. Nikamwambia, mwache Asajile, akijua ataniacha hivi? Akijua atakuja. Nikamzuia mume wangu kwa maneno hayo. Nikamzuia siku mbili."

"Dada..."

"Ungekuwa hunipendi, ningekuelewa. Watu wasiotupenda tunajua namna ya kuishi nao." Aligeuza uso ukutani. "Nenda kwako, Asajile. Kesho usije. Wala kesho kutwa. Maji Lugano atachota."

"Nije lini?"

"Sijui. Nitakapotaka kukuona nitakuita. Kama sitaki, hutasikia kitu."

Alisimama katikati ya chumba. Chai ilikuwa imeanza kupata utando kwenye vikombe viwili vilivyojaa. Alitaka kupiga magoti aombe msamaha. Kisha akaelewa kwamba akisema nisamehe, Tumpe atalazimika kufanya kitu: ama kumsamehe, ama kumkatalia, na vyote viwili vilihitaji nguvu ambazo Tumpe hakuwa nazo. Tangu utoto wao hakuwahi kuja kwa dada yake bila kumwomba kitu.

Akameza maneno yake. Akachukua vikombe, akavipeleka jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Lugano alikuwa migombani, amechuchumaa kando ya lile kaburi dogo, anabadilisha majani yaliyonyauka. Hakuinua kichwa. Asajile alipita mbali naye, akashika njia ya kuteremka, mvua ikaanza.